Steshenari ya Chake Chake inayokusomea kabla ya kutuma

Duka lenyewe liko kwenye njia ya kuteremkia sokoni Chake Chake, Pemba. Nje lina mlango wa kijani na benchi la mbao. Ndani mna kompyuta tatu, printa mbili, mashine ya fotokopi na feni moja inayolia. Jina silitaji kwa kuwa mwenyewe ameniomba nisilitaje, foleni aliyonayo inamtosha. Ukifika hapo sokoni ulizia kwa binti anayesomea watu, hata muuza juisi ya miwa atakuonesha.

Nimelitumia tangu 2021. Safari chache nimekwenda kwa shida zangu, nyingi kwa shida za wenzangu wa kwetu Konde, kaskazini ya Pemba, ambao hawawezi kupanda gari kila mara. Naandika leo kwa sababu nimeshuhudia maduka mengine ya namna hii yakiwaharibia watu mambo yao, na hili nataka lijulikane.

Mizani yangu ni hii. Nilikuwa mwalimu wa skuli ya msingi, na kwa zaidi ya miaka thalathini watu walinijia barzani baada ya sala ya laasiri niwaandikie barua. Barua kwa mkuu wa wilaya, barua ya kugombania mipaka ya shamba la mikarafuu, barua kwa kadhi, barua kwa mwana aliyehamia Maskati na kusahau kuleta matumizi. Nilikuwa na taipureta na karatasi za kaboni. Kila barua niliipiga chapa nakala tatu: moja inakwenda afisini, ya pili anaondoka nayo mwenye shida, ya tatu inalala kwenye kasha langu. Na kabla mtu hajatia saini au dole gumba, nilimsomea yote, polepole, hadi mwisho. Mara nyingi alinikatiza: "Hapo, Maalim, sikusema hivyo." Basi natoa karatasi, naanza upya. Kaboni zilikuwa ghali, lakini maneno yalikuwa yake, si yangu.

Kazi ile imekwisha. Serikali imehamia kwenye kompyuta na simu. Cheti cha kuzaliwa, pasipoti, maombi ya ajira, mkopo wa chuo, leseni ya biashara, kila kimoja kina mfumo wake na kontroo namba yake, yaani namba ya kulipia. Hata malalamiko kwa Rais yana mlango wa mtandaoni, Sema na Rais Mwinyi, ambapo mtu wa Micheweni anaweza kuandika shida yake bila ya kupanda meli kwenda Unguja. Hilo ni jambo kubwa. Mie najua barua zangu zilikuwa zikichukua muda gani kufika, na ngapi hazikufika. Lakini mtu wa Micheweni asiyejua kuandika kwenye simu bado anahitaji mtu wa kukaa naye, na mtu huyo siku hizi ni kijana wa steshenari. Ndiyo maana naona duka la steshenari lipimwe kama tunavyopima afisi ya umma.

Dada yangu mkubwa ana miaka 74. Wanawe walimchangia aende Umra, ikabidi atafute pasipoti. Tangu pasipoti za kielektroniki zilipozinduliwa Januari 2018, fomu hujazwa mtandaoni, unalipa kwa kontroo namba, unaichapisha na kuipeleka Uhamiaji na vyeti vyako. Dada anasoma msahafu bila kusita, ila herufi za kizungu zinampa tabu. Tulifika saa tatu asubuhi. Binti alimkalisha yeye kwenye kiti cha mbele, mie akanipa benchi. Alipouliza swali la kwanza nikajibu mie, kama nilivyozoea. Akasema kwa adabu, "Samahani Maalim, nataka nimsikie bibi mwenyewe."

Akaigeuza skrini ikawa baina yao. Kila alichoandika alikisoma kwa sauti, kisha akangoja. Jina la kwanza, herufi moja moja. Tarehe ya kuzaliwa. Shehia. Alipofika kwenye jina la baba akasita, akachukua cheti cha kuzaliwa kwa mkono mmoja na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kwa mkono wa pili.

"Bibi, baba yako ameandikwa Hamis hapa, na hapa ameandikwa Khamis."

"Baba yangu ni Khamis. Konde nzima inamjua."

"Najua bibi. Lakini kompyuta haimjui."

Aliacha kuandika papo hapo. Alitueleza kwamba angeweza kutuma fomu ile siku hiyo hiyo na kuchukua ujira wake, lakini ingekwama mbele ya safari kwa herufi moja, na pesa ya fomu isingerudi. Akatuandikia kwenye kipande cha karatasi wapi tuanzie kurekebisha jina na vyeti gani twende navyo. Siku ile alichukua pesa za fotokopi tu. Tuliporudi baada ya wiki kadhaa, jina likiwa moja kila mahali, alianza tena tangu juu, akasoma tena kila mstari, na kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho akamuuliza dada, "Nitume?" Dada akasema, "Bismillahi, tuma." Pasipoti ilitoka, na Umra amekwenda na amerudi.

Nimelifikiri sana lile neno la kwamba kompyuta haimjui. Karani wa zamani pale wilayani alikuwa akiniudhi kwa ukali wake, lakini Hamis na Khamis wasingemsumbua, angeuliza "mtoto wa Khamis gani?" akaridhika. Mfumo hauulizi. Una faida yake, maana karani yule yule aliyewajua watu aliweza pia kukuzungusha kwa sababu anakujua, au anajua babako alikuwa chama gani. Hapa Pemba hilo tumelionja. Mashine haina chama. Haina masikio pia, basi lazima awepo mtu wa kusikia kabla ya shida ya mtu kuingizwa humo.

Jambo la pili la duka hili ni namba ya simu. Mfumo ukitaka namba au barua pepe, wao hutumia ya mwenye shida, hawatumii ya duka hata ukiwabembeleza. Anayekuja na kitochi, simu ndogo ya vitufe, hutumia hicho hicho kitochi. Zikija zile tarakimu za kuthibitisha anazisoma mwenyewe au anasomewa mbele yake. Asiye na barua pepe anafunguliwa, na neno la siri analichagua yeye, linaandikwa kwenye kadi ndogo anayoondoka nayo. Binti hugeuka ukutani mteja akiandika.

Huenda mtu akaona haya ni madogo, nami nilidhani hivyo kabla ya mjukuu wa dada yangu kupatwa na yaliyompata. Alijaziwa maombi ya kazi serikalini kwenye duka jingine, jina nalihifadhi. Kijana wa pale, kwa haraka zake, aliweka namba yake mwenyewe ya simu na barua pepe ya duka, kama alivyowawekea wengine wengi siku ile. Mwito wa usaili ukaja kwenye simu ya kijana yule. Akaufuta, au hakuuona, sijui. Mjukuu alikuja kujua baada ya mwezi, alipomkuta mwenziwe aliyemaliza naye chuo ameshaanza kazi. Alitaka kuingia kwenye akaunti yake aone, akashindwa, kwa kuwa neno la siri limo kichwani mwa mtu ambaye ameshahama kazi. Alikaa barzani kwangu kutwa nzima siku ile, hakunywa hata maji. Nilimtafutia neno la kumwambia, sikulipata.

Na karatasi. Fotokopi zilizoharibika, zile zenye picha ya mtu, namba ya kitambulisho na saini, zinakwenda wapi? Niliwahi kununua kachori Chake Chake, nilipomaliza kula nikakunjua karatasi nikaona uso wa mama mmoja ukinitizama, kitambulisho chake kizima kimelowa mafuta. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika 2023, nayo ni sheria nzuri, lakini muuza kachori hakuiona na aliyempa karatasi hakuiona. Kwenye duka hili zilizoharibika hutiwa kwenye ndoo, jioni mwenye duka huzichoma uani. Nimemuona kwa macho yangu akizigeuzageuza kwa kijiti mpaka zinakuwa majivu.

Ukimaliza shughuli unapewa bahasha ya khaki. Ndani mna nakala ya fomu iliyotumwa, risiti, na juu ya bahasha namba ya ombi imeandikwa kwa kalamu nene, kubwa, mtu wa macho mabovu aione. Nilipopewa ya kwanza nilikaa nayo kwenye gari mpaka Konde nikiishika. Ilikuwa ni ile nakala yangu ya pili, ya kaboni, imerudi kwa sura nyengine.

Nije kwenye siasa, maana pale nje kwenye benchi ndipo inapozungumzwa, na duka lina mkono wake.

Zamani mgombea alikuja barzani, akavua viatu, akakaa jamvini. Ukimuuliza habari ya kisima, atajibu au atababaika, na wote mtamuona akibabaika. Sasa inakuja video ya dakika moja, ina muziki, ina ndege isiyo na rubani inayopiga picha minazi kwa juu. Vijana wanaitumiana mpaka usiku. Video haina mahali pa kuiuliza kisima. Zaidi zinazonitia hofu ni sauti. Msimu mmoja wa karafuu ilizagaa sauti kwenye magurupu ya WhatsApp, mtu asiyejitaja anasema bei ya serikali inashushwa Ijumaa, kila mtu auze atakakopata. Karafuu Zanzibar hununuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali, peke yake kwa sheria, na magendo ya kwenda Mombasa ndiyo biashara ya wanaonufaika na hofu kama hiyo. Jirani yangu alizianua karafuu jamvini hazijakauka vizuri, akaanza kuzitia kwenye magunia. Nilimsihi angoje. Nilikwenda Chake Chake, binti akafungua kurasa rasmi moja baada ya moja, hapana tangazo lolote la kushusha bei. Akalichapisha tangazo la bei lililokuwa likitumika, lenye tarehe, akalibandika kwenye ubao wa nje na kunipa nakala mbili za kurudi nazo. Ubao ule upo mpaka leo, na kila kinachobandikwa kina tarehe na mahali kilipotoka. Asilolipata kwenye chanzo chake halibandiki, hata mteja akikasirika.

Uchaguzi wa 25 Oktoba 2015 sitausahau. Barzani kwetu vijana wawili watatu ndio waliokuwa na simu za kupiga picha. Walikwenda vituoni wakapiga picha karatasi za matokeo zilizobandikwa nje, tukawa tunajumlisha kwenye daftari la skuli, mie nikiandika. Tarehe 28 uchaguzi wa Zanzibar ukafutwa, ukaja kurudiwa 20 Machi 2016. Daftari lile ninalo kashani, pamoja na nakala za barua.

Sasa sikilizeni nilichokiona Agosti 2022 dukani hapa. Wakenya walikuwa wamepiga kura, na tume yao ikaziweka mtandaoni picha za fomu 34A, fomu ya kila kituo, zaidi ya vituo 46,000, kila mtu duniani azione na ajumlishe mwenyewe. Nilimwambia binti anifungulie ya Lamu, nina jamaa huko. Ikafunguka. Karatasi ya kweli, imepigwa picha ikiwa imekunjika pembeni, tarakimu zimeandikwa kwa mkono, wino wa buluu, saini za mawakala wa vyama chini yake. Mmoja ana saini ya mikunjo mingi kama ya kadhi. Wazee wanne tulikuwa tumeinama juu ya skrini moja. Hatukuwa na kura Kenya, hatukuwa na mgombea, lakini tulikaa zaidi ya saa nzima tukifungua kituo baada ya kituo, na binti hakututoza kitu. Mahakama ya Juu ya kwao ilipotoa hukumu ya kesi ya matokeo ya urais mwezi uliofuata, fomu zile zilikuwa mikononi mwa kila raia mwenye simu.

Hilo ndilo ninalolitaka kwetu, nalisema waziwazi. Nataka karatasi ya kituo changu cha Konde niione kwenye simu ya mjukuu wangu ikiwa na mkono wa mtu na saini, usiku ule ule. Mtandao wa kupeleka video za minazi unaweza kupeleka na hiyo.

Badala yake, mtandao ukikaribia kura huwa unakatika. Oktoba 2020 mitandao ya kijamii ilibanwa. Mei 2025 mtandao wa X, uliokuwa ukiitwa Twitter, ukafungwa nchini. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ikazimwa, ikakaa siku kadhaa mpaka Novemba. Watu huzungumza habari ya siasa tu wakilitaja jambo hili. Mie nimeliona dukani. Siku ile serikali iliyohamia mtandaoni haikuwa na mlango. Kontroo namba hazitoki, fomu hazifunguki, mama anataka cheti cha mtoto, kijana ana maombi yanayofungwa mwisho wa wiki. Nilikwenda mara tu gari ziliporudi barabarani nikidhani nitakuta kufuli. Nilikuta mlango wazi, kompyuta zimezimwa, na binti yuko mezani na daftari la kaboni, lile la risiti. Kila aliyefika alimwandikia: jina, shida, namba ya simu, siku ya mwisho ya ombi lake. Nakala ya juu anampa mteja, ya chini inabaki. Intaneti iliporudi alianza na wenye siku za mwisho zilizo karibu, akiwapigia simu mmoja mmoja kwa salio lake. Wengine aliwawahi. Kijana mmoja hakuwahiwa, mfumo ulikuwa umeshafungwa, na haukuwa na mahali pa kuandika kwamba intaneti ilizimwa.

Estonia, nchi ndogo huko Ulaya, wanapiga kura kwa intaneti tangu 2005. Hilo halinivutii sana. Kwetu karatasi bado ina kazi. Kinachonivutia ni kwamba raia wa kule anaweza kufungua akaona ni afisi gani imezitizama taarifa zake na lini. Yaani serikali ikikusoma, nawe unaona kuwa umesomwa. Ningefurahi waheshimiwa wetu katika Baraza la Wawakilishi wakilizungumza hilo.

Turudi dukani, nieleze na kasoro, maana zipo. Kompyuta tatu hazitoshi, na moja huganda kila ikichapisha. Umeme wetu Pemba unatujia kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga hadi Wesha tangu 2010. Umetutoa mbali, lakini ukikatika, duka halina jenereta na unaambiwa urudi kesho. Kwa mtu wa Konde kesho ni nauli mara mbili. Mahali pa faragha hapana: anayelalamika habari ya ndoa au ardhi anasomewa shida yake kwa sauti, na benchi zima linasikia. Nilimwambia mwenye duka aweke pazia pembeni, akaitikia, mwaka umepita, pazia silioni. Na binti ni mmoja. Siku asipokuwepo, kaka yake hujaza fomu kwa haraka na hasomi. Mara moja alinikosea mwaka wa kuzaliwa, nikagundua mwenyewe kwenye nakala. Walirekebisha bila ya malipo na wakaniomba radhi, lakini kama wasingekuwa na desturi ya kutoa nakala nisingejua.

Bei ni za kawaida. Fotokopi shilingi 200, kuchapisha 500 kwa ukurasa, kujaza fomu ya mtandaoni 3,000 hadi 5,000 kwa urefu wake. Wazee wa miaka 70 na kuendelea hawalipi kujaza. Hakuna kibandiko kinachosema hivyo, ukifika utaona tu hawakudai.

Kati ya nyota tano nawapa nne. Ya tano inangoja pazia.

Wanafungua saa mbili asubuhi, wanafunga kwa sala ya adhuhuri, wanarudi saa nane mpaka magharibi. Ijumaa ni asubuhi tu. Nendeni Jumanne au Jumatano, Jumatatu pamejaa. Chukueni vyeti vya asili, na simu iliyo na laini yenu wenyewe ikiwa na chaji. Na kabla ya kutoka nyumbani, viwekeni vyeti vyote kitandani, kimoja pembeni ya chengine, mtizame jina la baba limeandikwaje.